Mke wangu halali hata mtoto akilala: ni uchovu tu au kuna zaidi?

BabaKifunguaMimba

Wanajukwaa habari zenu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa akina mama na wauguzi kama wapo humu.

Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza, anaingia wiki ya sita sasa. Uchungu ulikuwa mrefu, mwisho wakaamua upasuaji. Mtoto mzima, ananyonya, uzito unapanda. Kidonda cha mama kimefunga vizuri. Kila anayekuja kutuona anasema tumshukuru Mungu, na kweli tunamshukuru.

Shida ni mama yake. Halali. Si kwamba mtoto anamsumbua, maana huyu mtoto anaweza kulala masaa matatu mfululizo. Mimi nikishtuka usiku namkuta mwenzangu amekaa ukingoni mwa kitanda, kiganja amekiweka juu ya kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Nikimwambia lala, nitamwangalia mimi, anajilaza, macho kwenye dari. Haupiti muda, mkono umerudi palepale.

Mchana anahudumia kila kitu, ila kama mtu anayemalizia zamu. Wageni wakija anachangamka, anacheka nao, anawapa mtoto wampakate. Mlango ukishafungwa uso unazima. Wiki iliyopita mtoto alikuwa anakataa titi, analia, na yeye akaanza kulia, akasema: "Huyu mtoto angepata mama mwingine angekuwa na raha." Nikaona ni maneno ya kuchoka. Juzi karudia yaleyale, safari hii bila chozi, kwa sauti ya kawaida kabisa huku anakunja nepi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha.

Kliniki tumekwenda. Mtoto kapimwa, kidonda kimeangaliwa, tukaambiwa mko vizuri, rudini tarehe fulani. Hakuna aliyemgeukia yeye akamuuliza analalaje, anajisikiaje. Mama yangu anasema ni uchovu wa uzazi wa kwanza, utapita. Mama mkwe anasema tuzidishe sala. Nawaheshimu wote wawili, lakini ninayelala naye chumba kimoja ni mimi.

Naomba kujua: hii ni kawaida? Niongee naye vipi bila kumfanya aone namwita mgonjwa? Na ikija kuwa ni dawa, si zitapita kwenye maziwa zimfikie mtoto?

MamaWawili

Pole kaka, na hongereni kwa mtoto. Hilo la mkono kifuani nalijua vizuri.

Mimi ilinikuta kwa mtoto wa pili, wa kwanza nilipita salama, kwa hiyo wala asidanganywe na mtu kwamba ni ugeni wa malezi. Kila nikikaribia ngazi nilikuwa naona picha kichwani, mtoto ananiponyoka. Sikuitaka ile picha. Nilitetemeka kwa kuiona tu. Nikaacha kushuka ngazi nikiwa nimembeba, nikaacha kumwogesha peke yangu, visu vyote nikavihamishia kabati la juu. Sikumwambia mtu, kwa sababu niliamini siku nikifungua mdomo watanichukulia mtoto.

Maneno yaliyoniumiza kuliko yote ni "shukuru, wenzako hawajajaliwa". Nilikuwa nashukuru tayari! Nikisikia hivyo nazidi kujiona mtu mbaya, nimepewa neema na bado nalia.

Aliyenitoa ni wifi yangu. Hakuja na lile swali la "nikusaidie nini", ambalo lilikuwa linanitaka nifikirie jibu, na kufikiria ndiko kulikokuwa kumenishinda. Aliingia, akachukua beseni la nguo, akafua, akaanika. Kisha akaja chumbani, akakaa sakafuni karibu na kitanda, akaniambia: "Habari za mtoto nimeshazisikia. Wewe usiku wako ukoje?" Nikasema yote, mpaka la ngazi. Hakushtuka, hakunihubiria. Kesho yake tulikwenda hospitali pamoja, akakaa nje na mtoto mimi nikaongea na daktari. Mtoto hakuchukuliwa na mtu. Leo yuko shule.

Usimwache aendelee kuhesabu pumzi peke yake.

MkungaWaZamu

Mleta mada, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Nitaandika kwa urefu, maana uliyoyaeleza ni mazito na umeyaeleza vizuri.

Hapana, hii si ile hali ya kawaida ya siku za mwanzo. Ile ipo na huwapata wazazi walio wengi. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi kubwa ndani ya siku chache. Kuanzia kama siku ya tatu utamwona mzazi analia bila sababu, mara anacheka, mara kakasirika. Inaisha yenyewe, na wiki mbili zikipita iwe imekwisha. Ninyi mnaingia wiki ya sita na hali inazidi.

Mimi mzazi simuulizi "unalala?" Hakuna mwenye kichanga atakayekujibu ndiyo. Namuuliza: mtoto akiwa amelala, na mtu unayemwamini yuko naye, wewe usingizi unakuja? Aliyechoka tu atakwambia mama, nikipewa hiyo nafasi nazima palepale. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopitiliza atakwambia hauji. Mkeo umeshanijibia.

Na hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema takribani asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Yaani katika kila wazazi watano unaowaona kwenye benchi la kliniki, karibu mmoja anabeba kitu ambacho mizani ya mtoto haikionyeshi. Inaniuma sana kusoma kwamba mmerudishwa nyumbani bila yeye kuulizwa hata neno moja, kwa sababu kuuliza kunachukua dakika chache. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, limeshatafsiriwa kwa lugha nyingi. Linauliza siku saba zilizopita zimekuwaje: umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umepata hofu isiyo na chanzo, umekosa usingizi kwa huzuni. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Alama 13 na kuendelea zinaashiria uwezekano mkubwa wa sonona, ingawa wengine huanza kufuatilia tangu 10. Alama peke yake haimwiti mtu mgonjwa, ni njia ya kuanzisha mazungumzo. Rudini kliniki mseme wazi: tunaomba mama apimwe sonona baada ya kujifungua. Ukilitaja kwa jina lake ni vigumu kukwambia mko vizuri.

Swali la 10 katika dodoso hilo linahusu kujidhuru. Sisi, mzazi akijibu chochote tofauti na "hapana kabisa", hatuachi aende nyumbani bila kuongea naye siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Ndiyo maana ile kauli ya "angepata mama mwingine" nataka uichukulie kwa uzito. Muulize leo, mkiwa wawili, simu imezimwa: "Kuna wakati unawaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru?" Najua maneno hayo ni magumu kuyatoa mdomoni. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza utampandikizia wazo. Haiko hivyo. Mwenye wazo hilo anapumua akiulizwa, na asiye nalo atakwambia hana. Akikwambia analo, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo.

Usianze na "una tatizo". Anza na ulichokiona: "Naona usiku unakaa macho hata mtoto akilala, nadhani umebeba kitu kizito, nataka tukibebe wote." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wanaume wengi, wanakimbilia kutoa suluhisho kabla mwenzao hajamaliza sentensi.

Kuna hali nyingine lazima uijue ingawa sioni dalili zake hapa. Katika kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili huchanganyikiwa kabisa, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Anasikia sauti, anaamini mambo yasiyokuwepo, pengine kwamba mtoto si wake au ametumwa, hasikii haja ya kulala na bado ana nguvu, maneno hayashikani, leo yuko juu kesho yuko chini. Hiyo ni dharura kama kutokwa damu nyingi. Ni hospitali saa hiyohiyo, na mama asiachwe na mtoto peke yao hata dakika. Mwenye historia ya ugonjwa wa hisia mseto (bipola), au ambaye ilishamtokea uzazi uliopita, yuko katika hatari zaidi, na hilo lisemwe kliniki tangu mimba ikiwa changa. Tofauti yake na picha za ngazi za MamaWawili ni kubwa: yeye picha ilimtisha, akaficha visu kumlinda mtoto. Mawazo ya namna hiyo huwajia wazazi wengi sana, na woga alioupata ni dalili kwamba hakuwa na nia hiyo.

Waambie wampime pia wingi wa damu na tezi ya shingo. Baada ya upasuaji damu inaweza kuwa chini, na tezi hiyo huweza kuvurugika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Vyote viwili vinaleta uchovu na kulia, na vinatibika.

Huku mkisubiri, mpe usiku. Simaanishi kumwambia lala. Chagua kipande cha masaa manne au matano. Mtoto anyonye, kisha mchukue, nenda naye chumba kingine na ufunge mlango. Akiwa anamsikia anavyopumua hatalala, sikio la mzazi halipumziki. Maziwa yaliyokamuliwa yawepo, akiamka umnyweshe wewe. Siku za kwanza hata hivyo anaweza asilale, usikate tamaa ukamrudishia mtoto. Na wageni uwapunguze wewe. Usimwachie yeye kazi ya kukataa watu.

Dawa nitazirudia ukishapata majibu, ila ujue zipo ambazo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kutumia. Na si kila mtu anahitaji dawa. Pakistani ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Wahudumu wa afya wanawake wa vijijini, ambao si wataalamu wa akili, walifundishwa kukaa na mzazi mwenye sonona nyumbani kwake na kuzungumza naye kwa utaratibu maalumu. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23. Kwa waliotembelewa tu bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Maongezi ni tiba.

Mkongwe

Bibi zetu walizaa watoto kumi kumi na hatukusikia habari za sonona. Haya ni magonjwa ya simu. Mpe kazi mkeo, akili itatulia.

MkungaWaZamu

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hili siwezi kuliacha lipite, kwa sababu mleta mada anasoma na usiku wa leo ana uamuzi wa kufanya.

Daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé alichapisha kitabu kizima kuhusu kuvurugika akili kwa wajawazito, waliojifungua na wanaonyonyesha mwaka 1858. Simu zilikuwa wapi? Bibi zetu walikuwa na sonona. Aliyekuwa nayo aliitwa mvivu, au mwenye moyo mgumu, au alisemwa kwamba amebadilika tangu azae, na habari zikaishia hapo. Wako waliokufa nayo na haikuandikwa popote. Wengine walipona kwa sababu nyumba ilikuwa na wanawake wanne, mtoto anahama mapaja, mama analala. Huyu wa leo yuko chumbani na mume anayerudi kazini. Kazi unayotaka apewe anayo, tena ya masaa 24.

BabaWatatu

Kaka, wewe mwenyewe unalala? Unakula? Nauliza kwa sababu hakuna mtu atakuuliza.

Mimi mke wangu aliugua hivyohivyo. Nikawa ndiye nguzo, kila mtu ananisifu. Mtoto alipofikisha miezi kama minne mke wangu yuko vizuri, mimi ndiyo nikaanza kuchelewa kurudi makusudi. Nakaa kwenye gari nje ya nyumba yangu, sitaki kuingia. Nafoka kwa vitu vidogo. Baadaye daktari akanieleza kwamba hata baba hupata sonona. Kuna mapitio ya tafiti yaliyotoka mwaka 2010 yaliyokuta kama mwanamume mmoja kati ya kumi anapitia hali hiyo kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na miezi ya tatu hadi ya sita ndiyo inayoongoza. Kwa wanaume wengi inatoka kwa sura ya hasira, pombe au kujificha kazini, ndiyo maana hatuitambui.

Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Ndugu, rafiki, kiongozi wako wa dini, yeyote asiyekujibu "jikaze".

BabaKifunguaMimba

Ndugu zangu nimerudi. Asanteni, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea yeye.

Usiku ule nilimuuliza. Nilianza na ulichoniandikia, mkunga, nikanyamaza. Alinyamaza na yeye muda mrefu mpaka nikadhani kalala. Kisha akasema hawazi kujiua, ila anawaza kwamba akilala asiamke itakuwa nafuu kwa wote. Tulilia. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, tukaenda.

Safari hii nilitaja jina la tatizo dirishani, tukapelekwa chumba cha peke yake. Muuguzi akampa yale maswali 10, akanitoa nje kwa heshima. Alama 17. Lile la mwisho alijibu "mara chache sana", na kweli hawakumwacha. Daktari alikaa naye zaidi ya nusu saa. Tezi iko sawa, damu iko chini, kapewa vidonge vya madini ya chuma. Kapangiwa mazungumzo na mshauri kila wiki, na kaandikiwa setralini, dawa ya sonona. Wakatupa namba ya kupiga saa yoyote hali ikibadilika.

Usiku nachukua mtoto, nalala naye sebuleni. Siku za kwanza hakulala kama ulivyosema. Jana kalala mpaka nikaingia kuangalia kama yuko sawa.

Tumekwama kwenye dawa. Pakiti iko mezani hajaigusa. Anasema hawezi kumeza kitu kitakachoingia kwenye maziwa, na kwamba akimeza atakuwa amekubali ameshindwa umama. Nimlazimishe?

MkungaWaZamu

Usimlazimishe. Umefanya kazi kubwa, mke wako pia. Yeye ndiye aliyesema lile neno gizani na akarudia kulisema mbele ya daktari.

Kuhusu maziwa mweleze hivi: setralini ni miongoni mwa zinazochaguliwa kwanza kwa wanaonyonyesha, kwa sababu kiasi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na kwa watoto wengi waliopimwa damu, dawa imekutwa kidogo mno au haionekani kabisa. Mtoto ataendelea kunyonya, na ninyi mtamwangalia kama kawaida: ananyonya, anaamka, uzito unapanda. Mkiona kasinzia kupita kiasi au hatulii mseme. Upande wa pili nao upimwe, maana sonona isiyotibiwa inamfikia mtoto vilevile, kwa mama asiyekula, asiyelala na asiye na nguvu ya kuzungumza naye.

Hofu aliyonayo aipeleke kwa aliyemwandikia dawa, kesho, kabla ya kukutana na mshauri. Aulize: nianze na kiasi gani, nimeze saa ngapi, nitegemee nini wiki ya kwanza? Mara nyingi mwanzoni kuna kichefuchefu au kichwa kuuma, vinapungua. Nafuu yenyewe haiji siku ya pili. Huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, na katika kipindi hicho cha kusubiri ndipo watu wengi wanapoacha, kwa hiyo wewe jipange nacho. Akija kupata nafuu asikatishe mwenyewe. Kwa kawaida huendelea miezi sita au zaidi baada ya kutulia, kisha daktari anapunguza polepole.

MamaWawili

Mwambie dada yangu kwamba mimi nilimeza na nilinyonyesha mpaka mtoto alipoacha mwenyewe. Ukimwona anataka kuongea na mtu aliyepita huko, niandikie kwenye ujumbe binafsi, nitampigia. Nitamsikiliza tu, sitamshawishi kitu.

BabaKifunguaMimba

Nimemsomea. Ameomba namba yako, dada, nimeshakuandikia.

Kesho saa nne tunaonana na daktari. Maswali ameyaandika yeye mwenyewe nyuma ya kadi ya kliniki, yako manne, la mwisho linahusu kama mimi nitakuwepo wakati anaongea na mshauri. Jibu lake analitaka kutoka kwangu, nimemwambia nitakuwepo pale tu atakapotaka. Mdogo wake anahamia kwetu kuanzia Jumamosi, atashika zamu ya usiku siku ninazowahi kazini. BabaWatatu, nitakutafuta wiki hii.

BabaWatatu

Nipo. Piga hata usiku.